Jinsi ya kubishana kuhusu eutanasia bila kuchanganya mambo

Jamani hii mada ya eutanasia, yaani kumsaidia mgonjwa afe, ikitua kwenye grupu la familia inaharibu wiki nzima. Babu yetu alikuwa na kansa ya tezi dume imeshafika kwenye mifupa, siku moja akasema "nimechoka, niacheni niende", basi mjomba akaanza mzee anataka kujiua, shangazi akasema ya Mungu tumwachie Mungu, binamu aliyeko nje akasema huku watu wanasaidiwa tu, kumbe kila mtu anaongelea kitu chake.

Kwa hiyo kabla hujatoa maoni uliza kwanza tunaongelea kipi. Kukataa mashine ya kupumulia ambayo haikuponyi ni kitu kimoja, na hapo hata Papa Pio wa 12 alishawaambia madaktari mwaka 1957 kwamba mgonjwa halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida. Daktari kumchoma mgonjwa sindano ya kumaliza maisha kwa ombi lake ni kingine, Uholanzi wameruhusu kwa masharti tangu 2002. Cha tatu ni daktari kuandika dawa halafu mgonjwa anainywa mwenyewe, Oregon kule Marekani wanafanya hivyo tangu 1997, kwa mtu aliyebakiza miezi 6 kushuka chini. Kwetu Tanzania kumsaidia mtu kujiua ni jinai, kifungo mpaka cha maisha, so binamu na Oregon yake asubiri.

Halafu uliza maumivu yametibiwa? Hapa ndo watu wanaruka. Mtu mwenye kansa ya mifupa anapewa panadol halafu mnakaa kujadili kama anataka kufa, mtajuaje? Babu alipoanza morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, kila baada ya masaa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo maana morfini inafunga tumbo vibaya, siku ya tatu akaomba chai ya tangawizi akauliza Simba wanacheza lini. Na sio dawa ya matajiri, Hospice Africa Uganda, shirika linalohudumia wagonjwa wasiopona, wanaitumia tangu 1993 na kule manesi waliosomea wanaruhusiwa kuiandika.

Ila usidhani umeshinda. Oregon sababu zinazotajwa sana na wanaoomba kusaidiwa kufa wala sio maumivu, ni kushindwa kujiamulia mambo na kuona heshima imeondoka. Hiyo ndo hoja ngumu ya wanaounga mkono, ijibu hiyo, usiwaite wauaji. Na wao wasituite washamba tukiogopa mzee ataanza kujiona mzigo, maana Kanada waliruhusu kumsaidia mgonjwa kufa 2016, 2021 wakapanua mpaka kwa watu ambao kifo chao hakijakaribia. Mi bado napinga, hasa sehemu ambazo morfini yenyewe kuipata ni mbinde.

Na mgonjwa mwenyewe muulizeni, tena akiwa na mtu mmoja, sio kikao. Babu kilichokuwa kinamuua ni aibu ya kuogeshwa na mkwewe, yaani mke wa mjomba, hakuwahi kusema. Wajukuu wa kiume tukapanga zamu, beseni na pazia, yale maneno ya niacheni niende hatukuyasikia tena mpaka siku zake zilipofika.

Lakini kama kwenye huo ubishi kuna mtu anaongea kimya kimya habari zake yeye, kwamba yeye ndo anataka kufa, mjadala ufe hapo hapo, kaa naye, usimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.