Kumsikiliza mbu kwa simu

Nasoma shahada ya uzamili, na kila siku nachambua mawimbi ya sauti za mbu. Ukitaka kujaribu, simu ya kawaida inatosha.

Mtie mbu mmoja kwenye kikombe cha karatasi, funika kwa kipande cha chandarua. Zima feni, sogeza simu mpaka ikaribie kugusa chandarua, urekodi sekunde kumi akiwa anaruka. Andika papo hapo jotoridi la chumba. Kukiwa na joto mabawa hupiga kasi zaidi, kwa hiyo bila namba hiyo huwezi kulinganisha rekodi za asubuhi na za mchana.

Sampuli 8,000 (vipimo vya sauti) kwa sekunde zinatosha. Zinakuonyesha masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde (Hz), hadi Hz 4,000. Kata sauti vipande vya sampuli 1,024, yaani milisekunde 128 kila kimoja, kisha vipitishe kwenye kigeuzi cha Fourier, hesabu inayoonyesha masafa yaliyomo kwenye sauti. Mbu jike wa malaria mara nyingi huonekana kati ya Hz 400 na 600, dume juu zaidi.

Hapa nilipoteza wiki nzima. Kwenye spektrogramu, yaani picha ya masafa kadiri muda unavyokwenda, nilipata mstari mzuri kwenye Hz 450, kumbe ni umeme! Umeme wetu ni wa Hz 50, na mvumo wake hujirudia kwenye 100, 150, hadi 450 na kuendelea. Kuza picha ya spektrogramu uitazame: mstari wa umeme umenyooka kama uzi uliovutwa, wa mbu unayumba kila anapogeuka. Halafu panda hadi 900, mara mbili ya 450. Kama ni mbu, utaukuta mstari mwenzake ukiyumba pamoja nao.