Kufunga traka ya GPS kwenye pikipiki ya porini bila kuua betri

Honda XL125, XR150L, Yamaha DT125 na ndugu zake ndizo pikipiki zinazofika kule ambako lami imekwisha. Traka ikifungwa humo kwa mazoea ya gari, hufa mapema. Gari dogo lina betri ya Ah 45 hivi (Ah, yaani ampea-saa, ni kipimo cha umeme unaohifadhiwa na betri). Pikipiki hizi zina Ah 4 hadi 7 tu. Ongeza mtikisiko wa kutwa nzima na maji ya mito, utaelewa kwa nini kazi hii inadai uangalifu zaidi kwenye waya kuliko kwenye kifaa chenyewe.

Vifaa

Traka ya 4G inayoweza pia kushika 2G (vijijini mara nyingi 2G ndiyo inayobaki), iliyozibwa dhidi ya maji kwa kiwango cha IP67, inayokubali volti 9 hadi 36 au zaidi. Fyuzi ya ampea 1 au 2 na kishikio chake, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya volti 12 yenye miguu mitano, diodi moja ya 1N4007 (hupitisha umeme upande mmoja tu), multimita, mpira unaosinyaa kwa joto, vibano vya plastiki, na kipande cha tyubu kuukuu.

Hatua ya 1: Maliza kila kitu mezani

Usifungue siti kabla traka haijaonekana kwenye ramani. Sajili laini kwa jina la mwenye pikipiki, itie kwenye simu kwanza, ondoa PIN, weka bando, hakikisha inapokea meseji. Ndipo uihamishie kwenye traka, na uipe traka umeme wa volti 12 ukiwa nje, penye anga wazi. Mara ya kwanza inaweza kuchukua dakika kadhaa kushika setilaiti.

Mfano huu ni wa traka za familia ya GT06, zikituma mahali zilipo kwenye seva ya Traccar, programu ya kufuatilia vyombo vya usafiri. Amri hutumwa kwa meseji kwenye namba ya laini ya traka. Traka ya aina nyingine ina amri zake, soma karatasi yake.

APN,internet#
SERVER,1,jina-la-seva-yako,5023,0#
GMT,E,0,0#
STATUS#

APN ni jina la lango la intaneti la mtandao wa simu: ya Vodacom Tanzania ni internet, ya Safaricom ni safaricom. Namba 5023 ndiyo mlango (port) wa GT06 kwenye Traccar. Mstari wa GMT ndio unaowakosesha wengi: huandika 3 kwa sababu saa zetu ziko tatu mbele ya Greenwich. Traccar inatarajia kupokea saa za Greenwich kisha yenyewe inakuonyesha saa za kwako, kwa hiyo ukiandika 3 safari zote zitaonekana saa tatu mbele. Acha 0.

Kwenye seva, sajili kifaa kwa IMEI yake ya tarakimu 15. Kikionekana kiko hewani na mahali pake ni sahihi, endelea.

Hatua ya 2: Tambua waya kwa mita, si kwa rangi

Hapa ndipo vifaa vingi huungua. Kwenye traka, waya mweusi ni ethi (upande hasi). Kwenye Honda, waya mweusi ni umeme wa volti 12 unaokuja ukiwasha funguo. Ethi yake ni ya kijani. Fundi anayeunganisha mweusi kwa mweusi anaingiza umeme palipopaswa kuwa na ethi. Kwa kawaida rangi ziko hivi:

Honda: nyekundu ni betri, nyeusi ni umeme wa funguo, kijani ni ethi.
Yamaha: nyekundu ni betri, kahawia ni umeme wa funguo, nyeusi ni ethi.

Hata hivyo pikipiki iliyokwisha kupita mikononi mwa mafundi watatu haina rangi za kuaminika. Weka mita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye hasi ya betri. Waya wa funguo husoma 12 ukiwasha na 0 ukizima. Kisha washa injini, ipandishe mzunguko kidogo, upime betri: isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, rektifaya imekufa, ibadilishe kwanza.

Hatua ya 3: Umeme wa traka

Nyekundu ya traka nenda moja kwa moja kwenye chanya ya betri, fyuzi ikiwa ndani ya sentimita 10 kutoka betri. Fyuzi ikikaa mbali, kipande chote cha waya kilicho kabla yake hakina ulinzi, na ndicho kitakachosuguliwa na fremu. Ethi nenda kwenye hasi ya betri yenyewe, si kwenye bolti ya fremu yenye rangi na kutu.

Waya wa ACC wa traka (unaoijulisha kama funguo imewashwa) unganisha na umeme wa funguo. Wapo wanaouunganisha na nyekundu ili kurahisisha kazi, na hilo ndilo linaloua betri: traka inadhani funguo imewashwa daima, kwa hiyo hailali. Ikiwa macho inakula kama miliampea 40. Betri ya Ah 5 itafika nusu kwa takriban saa 62, na Jumatatu asubuhi stata haizungushi. Ikilala kwa miliampea 5, nusu hiyo hiyo inafika baada ya siku 20 hivi.

Kuhusu viungo: waya uliolehemiwa kwa risasi pekee huvunjika pale risasi inapoishia, kwa sababu mahali hapo hukakamaa na mtikisiko huishia papo hapo. Tumia viunganishi vya kubana kwa koleo lake, funika kwa mpira wa joto, kisha funga kibano sentimita 3 kila upande ili kiungo kisicheze.

Hatua ya 4: Rilei ya kuzima injini

Kama hutaki kuzima kwa mbali, ruka hatua hii. Traka itafanya kazi yake yote bila rilei. Ukiitaka, kwanza jua moto wa plagi unaanzia wapi.

Pima waya wa swichi unaoingia kwenye CDI, kisanduku kinachotoa moto wa plagi. Ukisoma volti 12 funguo ikiwa imewashwa, hiyo ni CDI ya DC, inayolishwa na betri. Ikiwa waya haupati volti 12, bali funguo ikizimwa unagusana na ethi na ikiwashwa unaachana nayo, hiyo ni CDI ya AC: inalishwa na koili ya magineto, na swichi huizima kwa kuipeleka ethi.

DC: kata waya wa umeme wa CDI, pitisha kwenye mguu 30 na 87a (namba zilizoandikwa kwenye rilei). Koili ya rilei ikiungua au traka ikifa, pikipiki inaendelea kutembea. Mguu 86 upe umeme wa funguo, 85 upeleke kwenye waya wa rilei wa traka.

AC: usikate kitu. Unganisha 30 na waya wa kuzimia, karibu na CDI kadiri uwezavyo, na 87 na ethi. Hapa mguu 86 uchukue umeme wa betri kupitia fyuzi, si wa funguo. Mwizi akichomoa plagi ya swichi, CDI ya AC huwaka kwa kick bila funguo, na rilei inayotegemea umeme wa funguo haitafanya lolote. Gharama yake ni kwamba rilei ikiwa imevutwa inakula karibu miliampea 150, hivyo usiiache usiku kucha.

Diodi weka kati ya 85 na 86, mstari wake ukiangalia 86. Bila hiyo, mshtuko wa koili unaweza kuua tundu la kutolea amri la traka.

Usitume amri ya kuzima pikipiki ikiwa kwenye mwendo. Nyingi za GT06 husubiri ishuke chini ya kilomita 20 kwa saa, lakini nakala za bei rahisi hazisubiri, na injini kukatika kwenye kona ya changarawe ni ajali.

Hatua ya 5: Mahali pa kuiweka

Chini ya siti, juu ya boksi la eakilina (kichujio cha hewa). Sponji na plastiki haviyazuii mawimbi. Tangi la chuma na sahani za fremu huyazuia. Upande wa antena uangalie juu. Epuka upande wa ekzosi. Ifunge kwenye tyubu, ibane kwa vibano viwili, na uache waya uning'inie chini kidogo kabla ya kuingia kwenye kifaa, ili maji yadondokee kwenye upinde huo badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Hatua ya 6: Kagua

Zima funguo, subiri dakika 10 traka ilale. Toa hasi ya betri, weka mita ya miliampea kati ya nguzo na waya, na usubiri tena dakika 10, maana kukata umeme kumeiamsha. Zaidi ya miliampea 10, rudi kwenye ACC. Kisha endesha kilomita chache kwenye barabara ya makorongo na uangalie mstari wa safari. Ukikatika na baadaye ukajazwa, mtandao ulipotea na traka ilihifadhi. Ukikatika kila pikipiki inaporuka na seva ikapokea onyo la kukatwa umeme, kiungo au fyuzi imelegea.