Yoga kwa mgongo wa wanaoanika dagaa

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ndipo nilipojua mgongo wangu umechoka kiasi gani. Miaka kumi na minne nimeinama Kibirizi, mwalo wa Kigoma, nikianika na kugeuza dagaa. Nilipopata nafasi ya kukaa, kukaa kwenyewe kukawa mateso. Binti yangu akanisomea kwenye simu kwamba tangu 2017 madaktari wa American College of Physicians huko Marekani wanaitaja yoga kati ya tiba za kujaribu kabla ya dawa, kwa maumivu sugu ya kiuno. Tukaanza.

Chagua aina kwanza, wenzangu wengi wanakata tamaa hapo. Vinyasa huenda mbio, kila pumzi na mkao wake. Mimi ilinizidishia maumivu. Yin ni kutulia dakika kadhaa katika mkao mmoja. Iliyonifaa ni ya B.K.S. Iyengar, mwalimu wa Pune, India: mwili ukigoma, unausaidia kwa kiti, blanketi au mkanda. Mkanda wangu ni khanga.

Anza siku za mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepumzika, maana dagaa huvuliwa usiku wa giza. Iwe asubuhi, kabla ya chai.

Lala chali mkekani, miguu juu ya kiti, upumue kwa pua dakika tano. Usiiruke hatua hii hata ukiona hufanyi kitu. Kiuno kinaachia hapa. Kisha simama kwa magoti na viganja: ukivuta pumzi shusha tumbo, ukiitoa nyanyua mgongo kama paka aliyeshtuka. Mara kumi, taratibu. Lala chali tena, pitisha khanga kwenye wayo, inua mguu. Goti likikataa kunyooka, liache.

Kusimama na kuinama mpaka ushike vidole, achana nako. Sisi tunainama tangu alfajiri, mgongo unadai kinyume chake. Ndiyo maana naupenda mkao wa swila: lala kifudifudi, viganja kando ya mbavu, inua kifua kidogo tu, kiuno kisibanwe. Mjamzito asiufanye. Na ganzi ikishuka mguuni, nenda hospitali kwanza.

Giza likirudi na kazi ikishika, hubaki na swila peke yake, mara tano, mchangani pembeni ya kichanja, nikisubiri dagaa wakauke upande wa kwanza.