SOMO: Kompresa inaunguruma siku nzima na upepo hautoshi

Wakuu, kila siku PM ni swali lilelile, "kompresa imechoka ninunue kubwa?" Naandika hapa mara moja. Mara nyingi mashine hii ya kushindilia upepo kwenye tenki haijachoka, upepo unapotea njiani.

1. Filta ya hewa: ikiziba, badilisha.

2. Mkanda ukaze, puli zikae mstari mmoja.

3. Oili ya kompresa. Sio ya injini.

4. Maji ya tenki mwaga kila jioni. Kwa unyevu huu wa Dar yanajaa haraka, yanakula nafasi ya upepo na kutu inatafuna chuma kwa ndani.

5. Joto. Ukiifungia kwenye kibanda cha mabati inavuta joto lake yenyewe, hewa ya moto ni nyepesi kwa hiyo inaingia kidogo kila mzunguko. Toboa dirisha, vuta hewa ya nje kivulini, mbali na moshi wa jenereta.

6. KUVUJA. Hapa ndipo watu wanaharibu. Zima vifaa vyote vinavyotumia upepo, kompresa iache inawaka, na koki ya tenki inayopeleka upepo kwenye mabomba iache wazi, ukiifunga utakuwa unapima tenki peke yake na mabomba umeyaacha. Acha ijae hadi ikate (ijizime yenyewe), chukua simu upime inapumzika muda gani mpaka iwake tena, halafu inafanya kazi muda gani mpaka ikate, rudia mara kadhaa. Muda wa kazi gawanya kwa jumla ya kazi na kupumzika. Kazi dakika 2, pumziko 6, ni 2 kwa 8, asilimia 25, yaani robo ya uwezo wa kompresa unalipia LUKU na hakuna aliyeutumia! Ikiwa chini ya 10 uko vizuri. Mtu mmoja akipuliza vumbi katikati ya kipimo anza upya. Kutafuta tundu pakaa maji ya sabuni kwenye viungio, USIPAPASE kwa kiganja, upepo wa presha unaweza kupenya ngozi. Na tenki iliyooza kwa kutu usichomelee kiraka, inaweza kulipuka.

7. Usipandishe presha kuficha uvujaji. Kila bar 1 (bar ni kipimo cha presha) inaongeza umeme kama asilimia 7, na tundu linavujisha zaidi.

Maswali

Mzee wa Rangi: mkuu yangu haifiki bar 8 nifanyeje

Jibu: Hatua ya 6.

Mzee wa Rangi: sina muda wa kupima, niambie tu ni ringi za pistoni au valvu

Jibu: Siwezi kukununulisha ringi kwa kubahatisha. Pima, uje na namba.

Mama Cherehani: Habari kaka. Kiwandani kwetu geji ya presha ya tenki iko sawa ila mashine za mwisho zinalegea wote tukifanya kazi, tukiwa wachache hakuna shida.

Jibu: Dada umeangalia vizuri sana, hilo ni bomba jembamba. Funga geji kwenye mashine ya mwisho usome wote mkiwa kazini, ikitofautiana na tenki zaidi ya nusu bar ongeza unene wa bomba, na ncha ya mwisho irudishe iunganike na mwanzo ili upepo uje pande zote mbili. Matawi yatoe juu ya bomba, maji yabaki chini.

Kijana wa Gereji: kumbe ndio maana rangi yangu inatoa vipovu?

Jibu: Inawezekana kabisa. Upepo ukipoa ndio unatoa maji, kwa hiyo mtego wa maji usiuweke pale kompresa inapotoka moto, weka karibu na bunduki ya rangi.

Mzee wa Rangi: nimepima. kazi 3 pumziko 3

Jibu: Nusu nzima mzee wangu! Anza na koki ya kumwagia maji chini ya tenki, kisha viungio vya hozi.