Jinsi ya kumpima mchezaji wa besiboli wa chuo kabla hajaingia ligi za kulipwa

Mpigaji akiwa na wastani wa .380 chuoni (yaani hufanikiwa kupiga karibu mara 38 kwa kila zamu 100), usimwandikie sifa yoyote bado. Baadhi ya warushaji aliowapiga hawatagusa mpira tena wakishahitimu. Kazi yako ni kuondoa kimoja kimoja vyote vilivyombeba, kisha uangalie kilichobaki.

Anza na gongo. Vyuo vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, hutumia gongo la chuma. Ligi za kulipwa ni mbao tupu. Tangu 2011 kanuni iitwayo BBCOR imebana nguvu ya gongo la chuma, na pengo limepungua, ila halijaisha. Mpira wa ndani, yaani uliorushwa karibu na mwili wa mpigaji, ukigonga karibu na mpini wa chuma bado unaweza kuruka juu ya walinzi na kumfikisha mpigaji besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia. Kwa mbao, gongo linavunjika na mpira unamdondokea mlinzi. Kwa hiyo kaa upande unaomwona kifua na uangalie mipira ya ndani peke yake: mikono inapita karibu na mwili, au inazunguka mbali kama anafagia? Anayezunguka atasumbuliwa na kila mrushaji mwenye kasi. Kama amecheza Cape Cod, ligi ya kiangazi huko Massachusetts inayotumia mbao tangu 1985, tafuta mechi hizo. Lakini zamu za kupiga ni chache na vijana wameshachoka na msimu, basi tazama anavyougonga mpira, wastani uache.

Hatua ya pili, tenga siku. Mechi za ligi ya chuo huchezwa kwa kawaida Ijumaa hadi Jumapili, na mrushaji bora hupewa Ijumaa. Jumanne na Jumatano hurusha wa akiba. Wapo wapigaji ambao nusu ya hom rani zao (mapigo yanayovuka uzio) ni za katikati ya wiki. Ukizifuta, mtu anabaki wa kawaida kabisa. Tazama na uwanja: Albuquerque, New Mexico, iko mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unasafiri.

Sasa hesabu straiki, yaani mipira anayojaribu kuipiga akaikosa au mizuri anayoiacha. Anayetolewa kwa straiki tatu katika zaidi ya robo ya zamu zake chuoni ana shida, hata awe na nguvu kiasi gani. Uzito zaidi uko kwenye aina ya mpira anaoukosa. Kukosa mpira unaopinda ukatoka nje ya eneo la straiki ni tatizo la uamuzi, na hilo hurekebishika kwa baadhi. Kukosa mpira wa kasi uliopita katikati ni tatizo la mikono na macho, na mara nyingi haliponi. Mazoezi ya kupiga kabla ya mechi yasikulaghai. Pale kila mtu ni bingwa.

Mbio ni rahisi. Bonyeza saa gongo likigusa mpira, isimamishe mguu ukigusa besi ya kwanza. Sekunde 4.3 kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, 4.2 kwa wa kushoto, ni wastani wa Ligi Kuu.

Kwa ulinzi, uliza atacheza wapi baadaye, si anapocheza leo. Jacob deGrom alikuwa shotistopu (mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu) katika chuo cha Stetson, akaanza kurusha hukohuko. Timu ya Mets ilimchukua 2010 kama mrushaji, raundi ya 9 ya uchaguzi wa wachezaji wapya. Mwenye mkono mzuri ana pa kuhamia. Anayecheza besi ya kwanza hana, hivyo lazima apige sana. Paul Goldschmidt, wa besi ya kwanza kutoka Texas State, alisubiri hadi raundi ya 8 mwaka 2009, akaja kuwa mchezaji bora wa National League, moja ya ligi mbili za Ligi Kuu, 2022. Ni nadra. Kuhusu mdakaji, anayekaa nyuma ya mpigaji, pima tangu mpira unapoingia glavu yake hadi unapodakwa besi ya pili: sekunde 2.0 inatosha, 1.9 ni hazina. Usimsifu kwa kuchagua aina ya mipira ya kurushwa. Vyuoni kocha ndiye mara nyingi huichagua.

Mrushaji wa chuo huanza mechi mara moja kwa wiki. Kwenye ligi za kulipwa ni baada ya kupumzika siku nne au tano tu. Andika kasi ya kila iningi (kipindi; mechi huwa na tisa). Anayeanza na maili 95 kwa saa na kufika iningi ya sita akiwa na 90 huenda akaishia kuwa wa kumalizia mechi. Kisha hesabu silaha zake. Mpira wa kasi na mmoja unaopinda unatosha chuoni. Juu, mrushaji wa mkono wa kulia asiye na mpira wa kubadili kasi mara nyingi huteswa na wapigaji wa kushoto.

Mwisho, toa alama kwa kipimo cha 20 hadi 80, ambapo 50 ni wastani wa Ligi Kuu. Andika alama mbili kwa kila kipaji, ya leo na unayotarajia, na kando yake tarehe ya kuzaliwa. Mwenye miaka 20 na mwenye 23 wakiwa na takwimu zilezile hawalingani: wa pili amekuwa akipambana na wadogo zake, na nafasi ya kukua ni ndogo. Alama ya baadaye ikipita ya leo kwa 20, andika sababu unayoweza kuionyesha kwa kidole uwanjani, ukikosa, ishushe.