Taa ya injini katika gari la turbo: kutafuta chanzo kabla ya kuagiza spea

Taa ya manjano yenye umbo la injini inapowaka kwenye dashibodi, kompyuta ya gari inatoa taarifa kwamba kipimo fulani kinachohusu uchomaji wa mafuta au usafi wa moshi kimetoka nje ya mipaka iliyowekwa na mtengenezaji. Haisemi ni kifaa gani kimekufa. Tofauti hiyo ina uzito kwa sisi tunaoendesha magari ya turbo, yaani yenye pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kusukuma hewa zaidi kwenye injini, hapa Tabora, kwa sababu sensa au vali inayotakiwa mara nyingi huagizwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa reli, na kifaa cha umeme kikishafungwa kwenye gari si rahisi muuzaji akipokee tena. Ninachosisitiza katika mwongozo huu ni kupima kwanza na kununua baadaye, na katika gari la turbo upimaji huo huanzia kwenye njia ya hewa.

Itazame kwanza taa yenyewe. Fungua swichi bila kuwasha injini: taa hiyo inapaswa kuwaka, kisha kuzimika muda mfupi baada ya injini kuanza kunguruma. Isipowaka kabisa, ama imeharibika ama kuna mtu ameiziba, na anayenunua gari lililotumika asilipuuze jambo hilo. Ikiwaka bila kupepesa, gari linaweza kuendeshwa taratibu hadi gereji, mradi halitoi sauti ngeni wala moshi mzito. Ikiwa inapepesa, maana yake kuna silinda inayomisi, yaani isiyochoma mafuta yake sawasawa, kiasi kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuyaunguza masega, kifaa kinachosafisha moshi. Punguza mwendo, usikanyage mafuta kwa nguvu, na usimame mahali salama mapema uwezavyo. Taa nyekundu ya oili ni habari nyingine kabisa. Hapo zima injini papo hapo, kwa kuwa shafti ya turbo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya utando mwembamba wa oili, na haivumilii kuikosa hata kwa muda mfupi.

Hatua inayofuata ni kusoma misimbo, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta imehifadhi. Soketi ya OBD-II, mfumo wa gari kujichunguza, yenye pini 16 huwa chini ya dashibodi, upande wa dereva, na kisomeo kidogo kinachounganishwa na simu kwa Bluetooth kinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi tunayoieleza hapa. Mfumo huo ulikuwa wa lazima kwa magari mapya ya Marekani kuanzia mwaka 1996, na Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani yana soketi hiyohiyo lakini hayazungumzi na visomeo vya kawaida, na kwa hayo utahitaji mashine ya fundi wa umeme wa magari inayoijua kampuni husika.

Andika kila msimbo kwenye karatasi pamoja na takwimu zilizohifadhiwa wakati taa ilipowaka, yaani mwendo wa gari, mzunguko wa injini, joto la maji na mzigo wa injini. Takwimu hizo ni ushahidi. Zinakuonyesha kama hitilafu ilitokea gari likiwa limesimama kwenye foleni ya sheli au likipanda mlima likiwa na mzigo. Gereji nyingi zina mazoea ya kufuta misimbo mara tu mashine inapochomekwa, ili mteja aone taa imezimika, na ushahidi wote hupotea hapo. Mwombe fundi wako, kwa heshima lakini kwa msimamo, asifute chochote mpaka kila kitu kiwe kimeandikwa.

Kabla ya kuwasha injini kuna kipimo kimoja kisichogharimu kitu. Swichi ikiwa imefunguliwa na injini imezimwa, soma presha inayoonyeshwa na sensa ya MAP, ambayo hupima presha ya hewa iliyo ndani ya manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda. Kwa kuwa injini haivuti hewa, sensa inapaswa kuonyesha presha ya anga ya mahali ulipo. Usawa wa bahari presha hiyo ni takribani kPa (kilopaskali) 101, lakini Tabora mjini, takribani mita 1,200 juu ya bahari, ni karibu na kPa 88, na Kigoma, kando ya ziwa, ni karibu na kPa 92. Sensa inayoonyesha 101 hapa kwetu imepotoka, na kompyuta inayoiamini itakosea hesabu ya presha ya turbo tangu mwanzo. Kumbuka pia kwamba sensa hii husoma presha kamili, si ile iliyoongezwa na turbo peke yake: ikionyesha 150 gari likiwa linavuta kwa nguvu, mchango wa turbo ni 62 tu.

Sasa tuingie kwenye njia ya hewa, ambako hitilafu nyingi za magari haya hujificha. Hewa hupita kwenye chujio, kisha kwenye sensa ya MAF inayopima kiasi chake, kisha kwenye mapanga ya turbo, kisha kwenye intakula inakopozwa, halafu katika throto, mlango unaodhibiti hewa, na manifoldi hadi kwenye silinda. Kati ya vituo hivyo kuna mipira na klampu, na mipira hiyo huchakaa kwa joto na kulowa oili. Katika injini ya petroli yenye MAF, kompyuta hutia mafuta kulingana na hewa iliyopimwa, kwa hiyo kila pafu la hewa linaloingia au kutoka baada ya kipimo huvuruga hesabu, na namna linavyoivuruga hutegemea mahali palipotoboka.

Fungua kwenye programu ya simu marekebisho ya mafuta ya muda mfupi na ya muda mrefu, yanayoandikwa STFT na LTFT, na uyaandike kwenye karatasi ileile pamoja na presha ya turbo. Jumla yake ikiwa kati ya hasi 10 na chanya 10 kwa mia, hali kwa kawaida ni ya kuridhisha. Ikipanda juu ya chanya 10, kompyuta inaongeza mafuta kwa sababu inaona hewa imezidi, na msimbo P0171 hufuata. Mpira uliotoboka kati ya MAF na turbo huvuta hewa isiyopimwa wakati wote, hivyo marekebisho huwa chanya injini ikiwa sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, na huendelea hivyo barabarani. Tundu lililo baada ya throto lina tabia mbili: injini ikiwa sailensa kuna mvuto ndani ya manifoldi, hewa ya nje inaingia na marekebisho yanakuwa chanya; turbo ikianza kusukuma, hewa iliyokwisha kupimwa inatoroka, mafuta yanazidi, moshi unakuwa mweusi na gari linakosa nguvu. Tundu lililo kati ya turbo na throto, kwa mfano kwenye mpira wa intakula, halionekani sana injini ikiwa sailensa kwa sababu presha ya hapo inakaribia ile ya nje. Linajitokeza tu gari linapovuta. Mwenye Subaru Forester ya turbo ambaye gari lake linatulia vizuri nyumbani lakini linafuka moshi mweusi likivuta kwa nguvu kwenye barabara ya Nzega, na aanzie kwenye mipira ya intakula kabla ya kumsikiliza anayetaka kumuuzia sensa.

Kulipata tundu lenyewe kunahitaji presha. Injini ikiwa imepoa, fungua mpira mkubwa baada ya MAF, uzibe mdomo wake kwa kifuniko imara cha plastiki au bomba lililozibwa upande mmoja, ukiwa umefunga humo nozeli ya tairi, na uombe hewa kutoka kwenye kompresa ya fundi pancha. Usizidishe bar 0.5. Mpira mwembamba unaotoka kwenye bomba la hewa kwenda kwenye kava ya injini uuzibe pande zote mbili, ili presha isiingie kwenye karta, sehemu ya chini ya injini yenye oili, na kusukuma sili za oili. Nyunyizia maji ya sabuni kwenye kila kiungo na chini ya kila mpira, hasa sehemu zinazogusana na chuma kingine. Mlio hafifu unaosikika kwenye ekzosi hauna tatizo, kwani kuna vali za injini zilizo wazi. Povu kwenye klampu ndilo unalolitafuta. Utando mwembamba wa oili ndani ya mpira ni jambo la kawaida, ila oili inayodondoka inaelekeza kwenye turbo au kwenye mfumo wa kutoa mvuke wa karta.

Wakati mpira umefunguliwa, angalia chujio la hewa na sensa ya MAF. Vumbi la kiangazi la barabara zetu za udongo huziba chujio mapema kuliko ratiba ya kitabu cha gari, na chujio la bei rahisi lisilokaa sawasawa hupitisha vumbi linaloganda kwenye waya wa sensa. Isafishe kwa dawa ya MAF pekee, bila kuigusa kwa kitambaa wala brashi, na uiache ikauke kabisa.

Msimbo P0299 husema turbo haifikishi presha iliyoombwa, na watu wengi wakiusoma hukimbilia kutafuta turbo nyingine. Ninaamini huo ndio uamuzi ghali kuliko yote katika habari hii. Mipira ikiwa salama, fuata mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa) kuanzia pampu hadi kwenye aktueta, kifaa chenye fimbo kinachodhibiti presha ya turbo, ukikagua nyufa na vali ya umeme iliyo katikati. Vuta aktueta kwa pampu ya mkono: fimbo yake inapaswa kusogea bila kukwama na kubaki ilipo. Katika turbo za dizeli zenye panga zinazobadilisha pembe, masizi huzikamata panga hizo, na zikikwama upande mwingine utapata P0234, yaani presha imezidi. Baada ya hayo ndipo ushike shafti ya turbo kwa vidole, injini ikiwa baridi. Mchezo mdogo wa pembeni unakubalika, lakini shafti ikisogea mbele na nyuma kiasi cha kuhisiwa, au panga zikiwa zimekwaruza nyumba yake, turbo imekwisha. Hata hivyo, kabla ya kufunga mpya, chunguza bomba linalopeleka oili, kwa sababu turbo mpya kwenye bomba lililoziba itakufa kama ile ya kwanza.

Kwa dizeli kama Toyota Hilux na Prado zenye injini ya D-4D, msimbo P0401 unahusu vali ya EGR, inayorudisha sehemu ya moshi kwenye silinda ili kupunguza gesi za naitrojeni. Kama mashine inaweza kuifungua vali hiyo injini ikiwa sailensa, tazama kipimo cha MAF: vali ikifunguka, hewa safi inayopimwa inapaswa kupungua waziwazi. Isipopungua, njia imezibwa na masizi au vali haifunguki, na kusafisha kunaweza kutosha. Kuiziba kwa kipande cha bati, kama inavyofanywa mara nyingi, hakumalizi jambo, kwani kompyuta huona kwamba hewa haibadiliki na taa inarudi.

Mazda CX-5 za dizeli na magari mengine yenye chujio la masizi la DPF yana tatizo la safari fupi. Masizi huunguzwa kwenye joto la takribani nyuzi 600, na joto hilo halipatikani kwa kwenda sokoni na kurudi. Injini ikiwa imezimwa, sensa inayolinganisha presha ya kabla na baada ya DPF inapaswa kusoma sifuri. Isiposoma sifuri, shughulikia sensa na mipira yake kwanza. Ikisoma vizuri na P2463 ipo, masizi yamejaa kweli, na mashine ya fundi inaweza kuanzisha uchomaji. Pima pia kina cha oili, maana dizeli ya uchomaji ulioishia njiani huingia kwenye karta na kina hupanda. Kulitoboa chujio hilo nalipinga waziwazi. Masizi linayoyazuia hubaki mitaani, mapafuni mwa watoto wetu, na chanzo kilichoyazidisha, ambacho mara nyingi ni mpira wa intakula au nozeli mbovu ya mafuta, kinabaki ndani ya gari.

Msimbo P0420 kwenye petroli hudai kwamba masega yamechoka. Hakikisha kwanza kuwa injini haimisi, haili oili, na ekzosi haivuji kabla ya sensa ya oksijeni ya nyuma, iliyo baada ya masega. Kisha, injini ikiwa imepata moto na mzunguko umetulia kwenye 2,500 kwa dakika, tazama volti za sensa hiyo: zikitulia karibu na 0.6 au 0.7 masega bado yanafanya kazi, zikipanda na kushuka haraka kati ya 0.1 na 0.9 yamechoka. Misimbo ya mvuke wa petroli, kama P0455, anza na kifuniko cha tangi na mpira wake.

Ukisharekebisha, futa misimbo na uendeshe gari safari yenye mji na barabara kuu, kama kwenda Sikonge na kurudi. Fungua ukurasa wa vipimo vya utayari kwenye programu: vipimo ambavyo havijakamilika vinamaanisha kompyuta bado haijamaliza kujichunguza, na taa iliyozimika bado haijathibitisha lolote. Vikikamilika, linganisha LTFT na presha ya turbo za sasa na zile ulizoandika kwenye karatasi siku ya kwanza, na uihifadhi karatasi hiyo pamoja na kadi ya gari.