Somo: uraia wa Kongo (ya Kinshasa) unapatikana vipi, unapotea vipi (soma mpaka mwisho mbele ya kuuliza)

Kila wiki napata swali lile lile: "Nimeshika paspoti ya Ubelgiji, ningali Mkongomani?" au "Mtoto wa dada amezaliwa Kitwe, Zambia, ni wa nchi gani?" Naandika mara moja, kila mtu asome hapa. Msingi ni Sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 na kifungu cha 10 cha Katiba ya 2006.

1. Jua uraia wako ni wa aina gani. Kuna wa asili na kuna wa kupewa. Wa asili ni wa mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilifanya nchi hii siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960.

2. Tazama wazazi. Baba au mama, mmoja akiwa Mkongomani anatosha. Ukizaliwa Likasi au Lusaka, ni sawa. Kitoto kilichookotwa hapa, wazazi hawajulikani, nacho kinahesabiwa Mkongomani.

3. Andikisha mtoto etasivili (ofisi ya kuandikisha vizazi) ndani ya siku 90. Zikipita, itabidi jugema supletifu (hukumu inayoshika nafasi ya akti) ya tribinali, yaani mahakama.

4. Mgeni anayetaka uraia. Awe mtu mzima, amekaa nchini miaka 7, ana mwenendo mwema, anasema moja ya lugha za Kongo (Kiswahili chetu kinatosha), tena akubali kuacha uraia wake wa kwanza. Dekre (amri ya kumpa uraia) inatoka kwa Rais, baada ya baraza la mawaziri na maoni ya Bunge. Aliyemuoa au kuolewa na Mkongomani hapati uraia siku ya harusi. Anaweza kuuomba baada ya miaka 7 ya ndoa, na ndoa iwe ingali hai. Aliyezaliwa hapa kwa wazazi wageni anaweza kuomba kuanzia miaka 18, kama makazi yake ya kudumu ni hapa.

5. Kupoteza. Hapa someni polepole. Kifungu cha 1 cha Sheria ile ya 2004 kinasema uraia wa Kongo ni mmoja, haushikwi pamoja na mwingine wowote. Kifungu cha 26 kinamalizia: Mkongomani akipata uraia wa nchi nyingine, wa Kongo umeondoka. Umeondoka kwa nguvu ya sheria yenyewe. Hakuna barua utakayoletewa nyumbani Katuba, hakuna jaji atakayekuita, hakuna mtu atakayekuja kukunyang'anya paspoti ya zamani. Ndiyo maana watu wanadanganyika. Mtu anaapa mbele ya bendera ya nchi nyingine, anarudi Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, na paspoti ya Kongo ambayo muda wake haujaisha, anapita, anafikiri mambo yako sawa. Paspoti ile ni karatasi tu. Uraia uliobaki nyuma yake umekwisha tangu siku ile ya kiapo, na atakuja kulijua siku ya urithi, ya shamba, au ya kugombea kiti, mtu mwenye kisa naye atakapolitoa mbele ya watu.

Angalieni sana haya:
- Kibali cha kuishi si uraia. Ukaazi wa kudumu wa Afrika Kusini haukuondolei kitu. Hadhi ya mkimbizi pia.
- Msifuate jirani. Zambia tangu Katiba yake irekebishwe 2016 inaruhusu raia wake kushika uraia mwingine. Ruhusa hiyo ni ya kwao, haifungui mlango wa kwetu.
- Wafanyabiashara wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nawasihi: ile karte (kitambulisho) ya kijani ya Zambia ni ya raia wa Zambia. Anayekuuzia ili "upite bila matata" anakufanya uiambie serikali ya watu kwamba wewe ni wao. Siku ikishikwa, kule una kosa la uongo, na huku umeshajiandikia ushahidi mbaya kwa mkono wako.

Aliyepewa uraia anaweza pia kunyang'anywa, kwa mfano ikionekana aliupata kwa udanganyifu.

6. Kuurudisha. Inawezekana, msikate tamaa. Aliyekuwa Mkongomani wa asili anaurudisha kwa tamko, akionyesha kwamba bado ana vifungo na nchi: familia, kazi, mali, utamaduni. Aliyekuwa wa kupewa anarudishwa kwa dekre.

7. Ushahidi. Ni sertifika ya nasionalite (cheti cha uraia), inayotolewa na Waziri wa Sheria.

MASWALI (kila mtu kwa jina la komini yake ya Lubumbashi; Kenya hapa ni komini, si nchi)

Wa Ruashi: Mukubwa, mimi niko na karte ya kupigia kura. Sertifika ya nini tena?
— Karte inaonyesha wewe ni nani na unapiga kura wapi. Soma namba 7.

Wa Kenya: Sijasoma yote, niko kazini. Nikichukua uraia wa Kanada napoteza wa hapa?
— Namba 5.

Wa Kenya: Lakini wakubwa wengi wana mbili na hakuna anayewagusa!
— Bunge lililigusa jambo hilo 2007, likaliahirisha, na sheria ikabaki vile vile. Mkubwa ana walinzi na maavoka (mawakili). Wewe una nini? Mimi nakuandikia sheria, si mazoea ya watu.

Mama wa Kamalondo: Baba, binti yangu amezaa na Mzambia, mtoto yuko Ndola. Baba yake anasema ni wake peke yake kwa sheria. Mimi bibi nimepoteza mjukuu?
— Hapana, mama. Binti yako akiwa Mkongomani, mtoto ni Mkongomani tangu kuzaliwa, baba asiseme vingine. Kwa sheria ya Zambia, baba naye anampa uraia wake. Kwa kuwa kwetu viwili havikai pamoja, hilo lizungumzwe na avoka wakati mtoto angali mdogo. Kwanza lakini, mwandikisheni, na jina la mama liandikwe vile vile lilivyo kwenye karatasi zake, herufi kwa herufi. Nimeona dosye (faili) ya mama aliyeandikwa "Ngoyi" huku na "Ngoy" kule. Herufi moja, na alilazimika kurudi tribinali.

Mwanafunzi, Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi): Mbona ndugu zetu wa Kivu, mashariki ya nchi, wanasema sheria imebadilika mara nyingi? Ni kweli?
— Swali zuri, asante. Ni kweli. Ordonanse-sheria (amri yenye nguvu ya sheria) ya 1971 iliwapa uraia kwa pamoja watu wenye asili ya Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) waliokuwa nchini. Sheria ya 1972 ikaweka mpaka: waliokaa Kivu mbele ya tarehe 1 Januari 1950. Ya 1981 ikafuta hiyo na kurudisha mpaka nyuma kabisa, tarehe 1 Agosti 1885, na watu waliolala raia wakaamka wakiulizwa babu wa babu yao alikuwa wapi. Ya 2004 ikaleta tarehe ya uhuru, 30 Juni 1960. Ukizipanga tarehe hizi utaelewa mengi ya kule: shamba, kura, hata bunduki.

Mwanafunzi, Unilu: Na ile ya "baba na mama" kwa urais, kwamba mgombea awe na wazazi wote wawili Wakongomani?
— Pendekezo liliwekwa Bungeni 2021, halikuwa sheria. Kifungu cha 72 cha Katiba kinataka uraia wa asili, na uraia huo mzazi mmoja anautoa. Mimi napinga pendekezo lile: linamfanya mtoto wa mama wa Kasumbalesa awe nusu raia kwa sababu ya ndoa ambayo yeye hakuichagua.

Wa Kampemba: Nje ya somo kidogo: akti ya kuzaliwa ya mtoto, niiplastifie isiharibike?
— Usifanye hivyo. Ukishaifunga kwa plastiki, muhuri hauwezi tena kugongwa juu yake. Iweke ndani ya shemizi (jalada) safi, toa kopi, kopi ndizo zilegalizwe (zithibitishwe kwa muhuri).

Wa Kampemba: Na niliyokwisha kuplastifia mwaka jana?
— Nenda etasivili ile ile iliyoitoa, omba kopi mpya kwenye rejista. Chukua namba ya akti na mwaka, iko juu ya karatasi.